Wanawake Wakavu wa Ghala la Sandarusi

Siku niliyoajiriwa katika maabara ya hospitali moja ya Lindi, daktari mkuu, Mwingereza mrefu mwenye magoti mekundu, alinishika mkono mbele ya watu akatangaza kuwa mimi ni mwanamke wa kwanza katika jimbo lote la kusini kufanya kazi ya kemia. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, maana sikujua mikono yangu niipeleke wapi. Kazi yenyewe ya kemia ilikuwa kuosha chupa, kuchemsha mikojo ya wagonjwa na kutazama kama imeganda, lakini sikutaka kumharibia daktari siku yake.

Kisha nikapelekwa kwa karani nijaziwe fomu. Karani alikuwa kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kuonekana. Aliuliza nimelelewa na nani. Nikamjibu, na bibi yangu mzaa mama, wa Kilwa Kivinje. Akauliza kazi yake. Nikamwambia bibi alikuwa mpimaji wa sandarusi: alijua ipi imekomaa ardhini na ipi bado ni utomvu tu, alitengeneza maji makali ya jivu ya kuioshea, na alijua yamefika ukali gani bila kipimo cha kioo. Nilieleza kwa kirefu, kwa sababu nilimpenda bibi yangu na sikuwa na haraka. Karani alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, akaandika: Hana kazi.

Nilitia sahihi chini ya maneno hayo. Mpaka leo fomu ile inaniwasha, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Vijana wa siku hizi hawaijui sandarusi, basi niseme kidogo. Ni utomvu wa miti iliyokufa zamani, kabla ya babu wa babu zetu, ukabaki chini ya mchanga hadi ukawa mgumu kama jiwe na rangi ya asali. Watu waliichimba huko Kinjumbi na vilima vya Umatumbi, wakaileta Kivinje kwa vikapu, imevaa ganda la udongo. Wazungu waliyeyusha jiwe hilo wakapata rangi ya kung'arisha meza zao. Shida ni kwamba ilikuwapo ndugu yake, chakazi, utomvu mbichi wa juzi juzi, unaofanana nayo kama pacha lakini ukipata joto unalainika na kunata. Ukipaka chakazi kwenye meza ya Mzungu, mgeni akikaa kula anaondoka na kitambaa cha meza. Wanunuzi wa Ulaya waliikataa kabisa, na wachimbaji wetu, ambao si malaika, waliichanganya kila walipoona jicho limelala.

Kazi ya bibi ilikuwa kuwa hilo jicho. Tajiri mwenye ghala, Mhindi mpole aliyezaliwa papo hapo Kivinje na kuzungumza Kiswahili kizuri kuliko wengi wetu, alimwekea mkeka chini ya ukingo wa paa, mahali penye mwanga. Mkeka ule ulikuwa na haki zake. Hakuna sanduku lililofungwa kabla mwenye mkeka hajasema. Jiwe liliingia mkononi mwa bibi, likakaa kitambo katika maji ya moto, likatoka, bibi akalibonyeza kwa dole gumba, akatoa hukumu: sandarusi, au chakazi. Akiwa na shaka aliling'ata. Sandarusi hupasuka, chakazi hushika jino. Wachimbaji wenye mapanga viunoni walisimama mbele yake wakinyenyekea kuliko walivyonyenyekea kwa liwali, maana liwali aliwahi kukosea na bibi hajawahi.

Nyuma ya mkeka kulikuwa na mapipa ya maji ya jivu na wanawake saba wa kuosha. Jivu lilikuwa la mikoko, lilichujwa kwa maji tone kwa tone katika kapu. Bibi alichovya unyoya wa kuku katika maji hayo: unyoya ukibaki na nywele zake, bado; ukitoka umebaki uti mtupu, yamekolea. Mimi niliosha tangu nina miaka kumi, nikisoma asubuhi na kufanya kazi mchana. Nilifika darasa la nne, na kwa hiyo nilihesabiwa msomi wa ghala. Niliandika lebo za masanduku.

Sasa nifike kwenye ukavu wetu, ambao mji mzima uliufanyia mzaha. Bibi alikuwa na sharti moja lisilo na msamaha: siku ya kupima, hakuna mwanamke wa ghala kupaka mafuta. Si ya nazi, si ya ufuta, mwilini wala nywelini. Hakuna marashi, hakuna kujifukiza udi, hakuna kuingia na vidole vilivyotoka kukaanga samaki. Kila aliyefika aliosha mikono kwa maji ya jivu yaliyozimuliwa, akaisugua kwa mchanga, akaiacha ikauke juani. Sababu yake ilikuwa wazi. Dole lenye mafuta halinati popote, na mpimaji asiyenata hawezi kuijua chakazi. Bibi alisema jiwe likiguswa na mafuta linajifunza uongo.

Mtu wa bara hawezi kujua sharti hilo lilikuwa zito kiasi gani. Pwani yetu mwanamke asiyenukia ni mwanamke anayeumwa, au aliyefiwa, au aliyeachwa. Na siku za kupima zilikuwa nne kila wiki. Mikono yetu ilikuwa na mipasuko, visigino vyeupe, nywele zimesimama. Tukienda harusini tulikalishwa nyuma, karibu na masufuria, tusije tukamkwaruza bibi harusi. Walituita wanawake wakavu. Babu yangu alimwacha bibi kwa sababu hiyo. Alilalamika kwa kadhi kwamba aliposa mke akaletewa ubao. Kadhi aliuliza kama mwanamke anapika na kuswali, akajibiwa ndiyo, akashindwa kuandika kosa. Babu akamwacha hivyo hivyo, akaoa mwanamke aliyepaka mafuta mpaka ukimpa sahani inamteleza.

Bibi hakuonekana kusikitika sana. Alisema mume aliondoka na mkeka ukabaki, na kati ya hao wawili mkeka ndio uliokuwa ukimsikiliza. Lakini alisema kwa haraka mno, na ndipo nilipojua kwamba pale mkekani ndipo mahali pekee alipokuwa napo.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, vita vya pili vimekwisha si zamani, serikali ilipotoa amri kwamba kila sanduku la sandarusi liondoke na cheti kilichotiwa sahihi na mpimaji aliyesomea. Hatukuwa na habari kwamba jambo hili linasomewa. Baada ya wiki chache akateremka kwenye lori kijana kutoka Dar es Salaam, ana koti jeupe, sanduku la chupa, na barua yenye mihuri mitatu. Alikuwa amehudhuria mafunzo ya miezi miwili. Alijitambulisha kwa jina la Bwana Mpimaji, na hata alipokwenda kununua mihogo alitaka aitwe hivyo.

Sitamsema vibaya zaidi ya anavyostahili. Alikuwa safi, hodari wa kuandika, na hakumpigia mtu kelele. Lakini alikuwa na nywele. Alizichonga njia upande wa kushoto, nyoofu kama barabara ya serikali, akazilaza kwa mafuta ya kopo yaliyonukia mpaka nyuma ya forodha. Na alikuwa na mazoea: kila alipotaka kufikiri, alipitisha kiganja juu ya njia ile, taratibu, kuhakikisha haijaota nyasi. Kwa kuwa alikuwa mtu wa kufikiri sana, mkono wake haukukauka.

Tajiri alimwita bibi pembeni. Alizungumza naye kwa upole, akimwita Bi Mkubwa kila baada ya maneno matatu, na bibi alijua habari ni mbaya kwa idadi ya hao Bi Mkubwa. Amri ni ya serikali, alisema, yeye hana la kufanya. Cheti kinataka aliyesomea. Bi Mkubwa hatafukuzwa, haiwezekani, ataangalia mapipa. Mkekani atakaa Bwana Mpimaji.

Bwana Mpimaji hakukaa kwenye mkeka. Alidai meza. Mkeka ukakunjwa ukawekwa juu ya magunia, na bibi akaja kwenye mapipa, akachukua mwiko mrefu wa kukorogea, akaanza kukoroga maji ambayo hayakuhitaji kukorogwa. Sisi wengine tuliinamia kazi. Nilitaka kulia, nikaogopa machozi yatazimua maji.

Kipimo chake, niseme haki, kilikuwa kizuri. Aliweka jiwe juu ya kitambaa, akadondosha kitone cha spiriti, akahesabu mpaka ishirini kwa Kiingereza, kisha akabonyeza kwa dole gumba. Likinata ni chakazi, lisiponata ni sandarusi. Bibi alitazama kutoka kwenye mapipa, macho yakamng'aa. Jioni alinieleza kwamba kile kichupa kina akili, kinafanya kazi ya maji ya moto bila kuni, na kama angekuwa nacho zamani angelinda macho yake na moshi. Hakuwa mtu wa kuchukia kitu kipya. Alichukia mafuta.

Kwa maana jiwe la kwanza halikunata. La pili halikunata. Siku nzima ile hakuna lililonata. Vikapu viliingia vya watu tuliowajua, watu ambao bibi hakuwahi kuwarudisha bila kuwapunguzia nusu ya mzigo, na vyote vilitoka daraja la kwanza. Bwana Mpimaji alipapasa nywele, alidondosha, alihesabu, alibonyeza, akaandika kwa mwandiko mzuri. Wachimbaji walitazamana. Kabla ya wiki kuisha habari ilikuwa imefika Umatumbi kwamba Kivinje kumepatikana mwujiza, na miti yote yenye utomvu ikaanza kukwanguliwa.

Siku ya tatu bibi alishindwa kuvumilia. Alijitanda kanga vizuri, akaenda mezani na bakuli la maji ya jivu, akainama kidogo kama anavyomwinamia mtu mgeni, akamwomba Bwana Mpimaji anawe mikono kabla ya kupima, kwa sababu dole lake lina mafuta. Alimwambia pia kwamba spiriti yake ni nzuri sana. Nilikuwapo, nikiandika lebo.

Bwana Mpimaji alitabasamu. Akapitisha kiganja juu ya nywele.

"Bibi," akasema, "hii ni kemia. Si futari."

Wachimbaji wawili walicheka. Bibi alibaki ameshika bakuli. Akalitazama, akanitazama mimi, akarudi kwenye mapipa bila kumwaga hata tone. Siku ile nilimchukia kijana yule kwa chuki ambayo sikuwa nayo hata kwa babu.

Masanduku kumi na mawili yalikwenda Lindi kusubiri meli, yakawekwa katika bohari la bati, mwezi wa kumi na moja. Anayejua joto la bati la Lindi mwezi huo hahitaji kuhadithiwa zaidi. Bwana Mpimaji aliandikiwa barua ya sifa na wakubwa wake, kwa kuwa hakuna wilaya iliyowahi kutoa sandarusi safi kiasi kile. Aliisoma barua kwa sauti mbele yetu, aya zote, na sisi tukaendelea kuosha chakazi yake.

Kisha likaja lori kutoka Lindi, na ndani yake afisa Mwingereza aliyevimba kwa joto na safari. Akashusha sanduku moja, akalivunja mbele ya tajiri. Ndani hapakuwa na mawe. Palikuwa na jiwe moja, lenye umbo la sanduku. Chakazi yote ilikuwa imelainika ikashikana kama kashata, na sandarusi chache za kweli zimekwama humo katikati, zikitazama nje. Afisa alisema masanduku yote kumi na mawili yako hivyo, na meli imeondoka bila hata moja.

Bwana Mpimaji aligeuka rangi, lakini alikuwa amesoma. Alifikiri, mkono ukaenda juu, na jibu likapatikana. Alieleza kwamba mawe yalipotoka mezani kwake yalikuwa salama. Yaliharibiwa baadaye, kwenye kuoshwa. Maji ya jivu yanatengenezwa na wanawake wasiojua vipimo, yakawa makali kupita kiasi, yakalainisha sandarusi safi. Alishauri mapipa yamwagwe, wanawake waondolewe, na iletwe dawa ya kuoshea kutoka Dar es Salaam yenye maelekezo kwenye chupa. Afisa aliandika. Tajiri, mtu aliyemjua bibi tangu yeye mwenyewe akiwa mtoto, alitazama miguu yake.

Basi yale yalikuwa maisha yetu sisi saba, yakiandikwa kwa penseli. Mkeka bibi alikwisha kuupoteza. Sasa ilikuwa zamu ya mapipa.

Bibi aliweka mwiko chini. Alichukua bakuli lile lile, akachota maji, akapita mbele ya tajiri bila kumtazama, akasimama mbele ya afisa. Alimwambia, nami nilitafsiri kwa Kiingereza changu cha darasa la nne ambacho kilikuwa na maneno kama arobaini, kwamba anaomba jambo moja tu. Bwana Mpimaji apime tena jiwe lolote kutoka katika lile bonge, kwa chupa yake mwenyewe, kwa kuhesabu kwake mwenyewe. Mara ya kwanza kama anavyofanya siku zote, mara ya pili baada ya kunawa hapa. Kama hakuna tofauti, wanawake wote wataondoka na yeye atakuwa wa mbele.

Afisa hakuelewa sababu, ila alikuwa amechoka na kisa kilimpendeza. Alikubali. Kipande cha chakazi kikabanduliwa, Bwana Mpimaji akadondosha, akahesabu, akabonyeza. Dole likateleza. Akamwonyesha afisa: daraja la kwanza. Jiwe lilikwisha kuyeyuka huko bohari, bonge lake tunaliona kwa macho yetu, na bado lilikuwa daraja la kwanza.

Kisha akaingiza mikono katika bakuli. Bibi alimsugua mwenyewe, kama unavyomnawisha mtoto aliyetoka kucheza. Na maji yale, wallahi, yakatoa povu. Povu jeupe, zito, likapanda mpaka ukingoni na kunukia mafuta ya kopo. Wanawake saba tulijua maana yake, kwa kuwa mafuta yakikutana na maji ya jivu huzaa sabuni, na hakuna mwanamke wa Kivinje asiyejua hilo. Bwana Mpimaji alikuwa amepika sabuni kwa vidole vyake mbele ya serikali.

Alikausha mikono juani, maana bibi hakumruhusu kushika kitambaa. Akadondosha spiriti, akahesabu, safari hii kwa sauti ndogo. Alipofika ishirini akabonyeza, akainua mkono, na jiwe likainuka nao. Akautikisa mkono. Jiwe likakaa pale pale. Akalivuta kwa mkono wa kushoto, ambao pia ulikuwa umenawa, na sasa akawa amefungwa mikono yote miwili, ameinyoosha mbele kama mtu anayeomba dua. Afisa alicheka mpaka akakalia sanduku. Nami nilicheka, na sina majuto.

Bibi hakucheka. Alimbandua kijana taratibu kwa mafuta kidogo ya nazi aliyoagiza jikoni kwa tajiri, akimwambia pole, mwanangu, ngozi itarudi.

Wengine wangemaliza kisa hapo, na kwa miaka mingi ndipo nilipokimalizia nilipokihadithia. Lakini serikali ina tabia ya kuandika.

Hazikupita siku ishirini, karatasi ikaletwa na kubandikwa ukutani mwa ghala, imepigwa chapa kwa Kiswahili. Bwana Mpimaji alikwisha kuondoka. Tulisikia amepandishwa cheo, amehamishiwa ofisi kubwa Dar es Salaam, kwa ajili ya uvumbuzi wake. Wanawake wakanisukuma mbele nisome. Bibi aliacha mwiko, akaja akasimama karibu yangu.

Nilisoma. Kanuni za kupima sandarusi, zilizobuniwa na mpimaji wa serikali, na jina lake kamili. Mpimaji asipake mafuta mwilini wala nywelini siku ya kupima. Asitumie marashi. Anawe mikono kwa maji ya jivu yaliyozimuliwa, aisugue kwa mchanga, aikaushe juani bila kitambaa. Kila kanuni ilipotoka kinywani mwangu, wanawake walinong'ona na bibi akaitikia kwa kichwa, kana kwamba anasikia watoto wake wakiitwa majina mmoja mmoja. Maji ya jivu yapimwe kwa unyoya wa kuku. Hata unyoya walikuwa wameuchukua.

Nikafika kanuni ya mwisho, nikaisoma kimoyomoyo.

"Na mwenyewe yuko wapi?" bibi akauliza. "Wametaja kwa nani walipata haya?"

Nikamdanganya. Nilisema ndiyo, wamekutaja, hapa chini kabisa, nikaweka kidole juu ya mstari wa mwisho nikasoma jina lake, la baba yake na la babu yake, pamoja na shukrani za serikali. Niliongeza na neno mashuhuri, kwa kuwa nilikwisha kuanza. Wanawake wakapiga vigelegele.

Bibi aliutazama mstari ule. Nilikuwa nimesahau jambo moja. Bibi alikuwa anasoma msahafu tangu ana miaka saba, na alijua herufi, za Kiarabu tu, lakini alijua kwamba jina ni kitu chenye urefu, na kwamba neno likijirudia umbo lake hujirudia. Alitazama neno mpimaji pale mwanzo wa kanuni ya kwanza, akatazama mwanzo wa mstari wa mwisho: lilikuwa neno lile lile, si jina lake. Kisha akanishika kifundo cha mkono, akanipeleka mpaka kwenye pipa, mbele ya wote.

"Nawa," akasema. "Kisha unisomee tena."

Nilinawa. Maji yaliniuma kwenye mipasuko, na sijui kama ni maji yaliyonitoa machozi. Nilikausha mikono juani nikiwa nimesimama, kisha nikarudi ukutani nikasoma kanuni ya mwisho kama ilivyo. Mpimaji awe ni mtu anayejua kusoma na kuandika kwa herufi za Kizungu.

Walikuwa wamechukua kila alichokijua, wakajenga nyumba, na tofali la mwisho wakazibia mlango. Mwanamke mmoja alianza kulaani. Bibi akamwambia anyamaze, jivu linamwagika. Akasugua dole gumba kwa kidole cha shahada, kama alivyofanya akiwa na jiwe la mashaka.

"Rudia," akasema. "Wamesema mwanamume?"

Nikatazama vizuri. Hawakusema. Haikuwapitia hata akilini kwamba kuna haja ya kusema.

Bibi alikwenda kwenye magunia, akateremsha mkeka, akaupiga ukutani mpaka vumbi likatoka. Tajiri, aliyekuwa amesimama mlangoni akitafuta namna ya kusema kwamba anahitaji mpimaji mwenye kusoma kabla ya meli ijayo, aliona mkeka unatandikwa mahali pake penye mwanga. Bibi alimwambia mpimaji amepatikana, ana darasa la nne na mikono mikavu. Hakuwa anauliza. Tajiri alisema vizuri, Bi Mkubwa, mara moja tu, na nadhani ile ilikuwa njia yake ya kuomba radhi.

Nikakaa. Bibi akakaa nyuma yangu, goti lake mgongoni kwangu, na jiwe lililonitia shaka nililipitisha juu ya bega bila kugeuka. Alilibonyeza, akanirudishia pamoja na neno moja. Tulipima hivyo kwa siku mbili mpaka sanduku la kwanza likajaa, na karani wa forodha akaleta cheti.

Palikuwa na mstari mrefu wa kuandika jina la mpimaji. Nilichovya kalamu. Bibi aliinamia bega langu, nikasikia pumzi yake. Nikaandika jina lake, na la baba yake, na la babu yake, kwa herufi za Kizungu, yakajaa mstari na kuvuka kidogo.

Akanisogeza mkono, akangoja wino ukauke. Akaweka kidole mwanzo wa jina, akakipitisha juu ya wino mpaka mwisho, pole pole, akakitazama. Hakikuwa na doa. Kidole chake kilikuwa kikavu, na jina halikunata.

"Huo ndio urefu wake," akasema. "Fungeni sanduku."